Arthur Wharton, Mlinda Lango Aliyelala Bila Jiwe



Jumapili moja baada ya ibada niliwakuta vijana wetu wa hapa Kiswere chini ya mwembe wakibishana juu ya mpira. Habari ilikuwa ya Mbwana Samatta, yule kijana wa Mbagala ambaye mwezi Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Uingereza, na mwezi wa pili yake akaifungia timu yake bao. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya kukata shauri kwamba Waafrika kulipwa kwa kucheza mpira Ulaya ni jambo la juzi tu, lililokuja pamoja na televisheni. Wakanigeukia: Eti, Mwalimu?

Nikawaambia si la juzi. Tangu mwaka 1889 yuko kijana aliyezaliwa Afrika aliyekuwa akipokea mshahara wa mpira huko Uingereza. Hawakuniamini. Basi niliahidi kuandika habari zake katika gazeti letu la mtaa, na leo natimiza ahadi. Lakini nakiri mapema kwamba ninayo sababu nyingine ya kuandika, nayo nitaieleza mwishoni.

Jina lake ni Arthur Wharton. Alizaliwa tarehe 28 Oktoba 1865 huko Jamestown, mtaa wa mji wa Accra, katika nchi iliyoitwa Gold Coast wakati ule, yaani Ghana ya leo. Baba yake, Henry Wharton, alikuwa mchungaji wa Kimethodisti. Huyo baba mwenyewe alitoka mbali, katika kisiwa cha Grenada ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, ambako mababu wa watu wengi walipelekwa utumwani kutoka Afrika. Alikuwa mtoto wa Mskochi na mama mwenye asili ya Kiafrika, naye akarudi katika bara la wazee wake kuhubiri Injili. Mama yake Arthur, Annie Florence Egyriba, alikuwa wa ukoo wa kitawala wa kabila la Wafante. Basi mtoto huyu alizaliwa katika nyumba yenye heshima, nyumba ya vitabu na sala.

Baba alifariki mwaka 1873, Arthur akiwa bado mdogo. Hata hivyo jamaa hawakuiacha nia ya marehemu. Mtoto alipelekwa Uingereza kusoma miaka kadhaa, akarudi kwao, na mwaka 1882 akapelekwa tena, safari hii kwa masomo makubwa zaidi. Alianza katika chuo kimoja huko Cannock, kisha akahamia Cleveland College katika mji wa Darlington, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Shabaha ilikuwa moja: kijana asome, awe mhubiri au mwalimu kama baba yake, arudi akawatumikie watu wake.

Hapa wale waliopita vyuo vya ualimu watanielewa nikisema kwamba chuoni mtu hujifunza na yale ambayo hayamo katika mitaala. Arthur alikuta kwamba miguu yake ni myepesi kuliko ya wenzake wote, na mikono yake haiogopi mpira. Alikimbia, alicheza kriketi, akasimama langoni katika timu ya mji ya Darlington. Vitabu vikaanza kukaa pembeni.

Siku yake kubwa ya kwanza haikuwa ya mpira, ilikuwa ya mbio. Mwezi Julai 1886 alikwenda London katika mashindano ya taifa ya riadha, yaliyofanyika uwanja wa Stamford Bridge. Vijana wetu wanaujua uwanja huo kwa jina la Chelsea, lakini Chelsea yenyewe iliundwa mwaka 1905. Wakati ule uwanja ulikuwa wa wakimbiaji. Arthur alikimbia yadi 100, yaani meta 91 na kidogo, kwa sekunde 10 kamili. Alikimbia bila vifaa vya leo. Wandishi wa historia ya riadha huihesabu mbio hiyo kuwa sawa na rekodi ya dunia ya wakimbiaji wa ridhaa kwa umbali huo. Mwaka uliofuata, 1887, alishinda tena mashindano yale yale. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kulitwaa taji hilo kabla yake.

Mtu mwenye mbio namna hii hakawii kuitwa. Klabu ya Preston North End, iliyokuwa ikitisha Uingereza yote, ilimchukua kulinda lango lake katika msimu wa 1886 hadi 1887. Pamoja naye Preston walifika nusu fainali ya Kombe la FA, wakafungwa na West Bromwich Albion mabao 3 kwa 1.

Yafaa nieleze kidogo kazi ya mlinda lango ilikuwaje siku zile, maana si hii tunayoiona leo. Golikipa aliruhusiwa kuushika mpira kwa mikono mahali popote katika nusu yake ya uwanja. Sheria ya kumfungia ndani ya eneo la hatari ilikuja mwaka 1912. Kwa upande mwingine, washambuliaji waliruhusiwa kumpiga kikumbo mpaka aingie langoni pamoja na mpira, na bao lingehesabiwa. Lango lenyewe halikuwa na nyavu mpaka mwaka 1891, na mwaka huo huo ndipo adhabu ya penalti ilipoanza. Kwa hiyo kipa alihitaji kuwa na mwili wa mpiganaji na akili ya mchezaji wa bao.

Arthur alikuwa navyo vyote viwili. Alisifika kwa kupiga mpira ngumi ikaruka mbali, na pengine mtu aliyeufuata mpira aliambulia ngumi ile ile. Alikuwa na tabia ya kuchuchumaa pembeni ya mwamba kana kwamba hayumo mchezoni, kisha dakika ya mwisho akachomoka kama mshale. Mwaka 1942, miaka mingi baada ya kufa kwake, mzee mmoja aliandika katika gazeti la Sheffield jambo aliloliona kwa macho yake: Arthur aliudaka mwamba wa juu wa goli kwa mikono, akajining'iniza, akaukamata mpira kwa miguu, na washambuliaji watatu waliokuja kwa kasi wakapitiliza na kuangukia ndani ya goli bila mpira. Watazamaji walicheka wakashangilia. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kufurahisha watu.

Lakini si wote waliomshangilia kwa moyo safi. Magazeti ya siku zile hayakuacha kuitaja rangi yake, na mara nyingine kwa maneno ya kudharau. Wapo waliosema uwezo wake unastahili timu ya taifa. Hakuitwa hata siku moja.

Mwaka 1888 alifanya uamuzi ambao naamini aliukumbuka maisha yake yote. Ligi ya mpira ya Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza inaundwa, ikiwa na klabu 12, na Preston ikiwa mojawapo. Arthur aliondoka Preston akaenda Sheffield kuwa mkimbiaji wa kulipwa. Huko mbio za fedha zilikuwa na watazamaji wengi na watu wa kuweka dau, na mshindi alipata donge nono. Mwaka huo huo wa 1888 alishinda. Lakini msimu ule ule aliowapa kisogo, Preston walicheza mechi 22 za ligi bila kufungwa hata moja, wakatwaa ubingwa, na juu yake wakatwaa Kombe la FA bila kuruhusu bao katika mashindano yote ya kombe. Hadi leo timu ile inatajwa kwa heshima. Jina la Arthur halimo.

Na tena, mtu akishapokea fedha kwa kukimbia, mlango wa mashindano ya ridhaa ulifungwa kwake. Taji lile la Stamford Bridge hakuweza kuligombea tena.

Mwaka 1889 alisajiliwa na Rotherham Town, karibu na Sheffield, kwa mshahara. Hapo ndipo alipokuwa mchezaji wa kulipwa, na kwa sababu hiyo anatajwa katika vitabu kuwa mweusi wa kwanza kufanya mpira kuwa kazi yake ya kumlisha. Uingereza ilikuwa imeruhusu malipo rasmi kwa wachezaji mwaka 1885 tu, baada ya ugomvi mrefu, maana mabwana wengi waliona ni aibu mtu kulipwa kwa mchezo. Basi kazi yenyewe ilikuwa changa, na mchezaji wa kulipwa alihesabiwa pamoja na vibarua.

Mwaka 1890 Arthur alimwoa Emma Lister, wakakaa Rotherham. Kwa kuwa mshahara wa mpira haukutosha, aliendesha nyumba ya pombe, kama walivyofanya wachezaji wengi wa siku zile. Wenye klabu waliona ni mpango mzuri, maana jina la mchezaji huvuta wanywaji. Kwa mchezaji mwenyewe ulikuwa mtego. Arthur naye alinaswa, na pombe ilimsumbua miaka iliyofuata.

Kipindi hicho pia aliomba kazi katika serikali ya kikoloni ya Gold Coast. Labda alitaka kurudi nyumbani, labda alikumbuka nia ya baba yake. Alikataliwa. Wakubwa waliona kwamba mtu aliyejulikana kwa mbio na mipira hafai kuwa mtumishi wa serikali. Nimeifikiri sana habari hii. Uingereza hakuwa Mwingereza kamili, na kwao hawakumtaka kwa sababu ya yale aliyoyafanya Uingereza.

Mwaka 1894 Sheffield United, klabu ya daraja la kwanza, ilimchukua. Lakini mwaka huo huo ilimpata pia kipa mwingine, kijana wa miaka 20, William Foulke, mtu mrefu mwenye mwili wa ajabu ambaye baadaye uzito wake ulipita kilo 120. Foulke ndiye aliyewekwa langoni, Arthur akakaa akiba. Alipata mechi moja tu ya ligi, tarehe 23 Februari 1895, dhidi ya Sunderland. Timu yake ilifungwa 2 kwa 0. Mechi hiyo moja ndiyo inayomfanya ahesabiwe kuwa mweusi wa kwanza kucheza katika daraja la juu la Uingereza. Yeye siku ile, bila shaka, aliondoka uwanjani akifikiri mabao mawili aliyofungwa.

Baada ya hapo alishuka ngazi. Alirudi Rotherham, akaenda Stalybridge, akaenda Ashton, akarudi Stalybridge, na mwisho Stockport County, ambako aliacha mpira mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka 36. Hakukuwa na pensheni, wala akiba, wala sherehe ya kumuaga. Mwaka mmoja kabla, 1901, viongozi wa mpira wa Uingereza walikuwa wameanza kutumia kanuni kwamba mchezaji asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa wiki, hata awe hodari namna gani. Ukishazeeka, hata hizo huna.

Yule kijana aliyetumwa asome awe mhubiri alimalizia maisha yake katika kijiji cha Edlington, Yorkshire, kwenye mgodi wa makaa ya mawe, akisukuma na kuvuta magari ya mzigo. Alifanya kazi hiyo ngumu uzeeni. Alifariki mwezi Desemba 1930, baada ya kuugua, akiwa na umri wa miaka 65. Alizikwa Edlington katika kaburi la maskini. Halikuwekwa jiwe, wala jina.

Ukipiga hesabu, kaburi hilo lilikaa bila jina miaka 67. Watoto walipita, mvua zikanyesha, majani yakaota. Watu wengine walizaliwa, wakazeeka, wakafa, na mtu aliyekuwa na mbio kuliko wote duniani kwa siku yake akalala pale kama asiyekuwapo.

Waliomwamsha si jamaa wala klabu zake za zamani. Ni watu wa Sheffield waliokuwa wakipinga dharau za rangi katika viwanja vya mpira. Walisikia habari zake, wakatafuta kaburi, wakachanga fedha, na mwaka 1997 wakaweka jiwe lenye jina lake. Mwaka uliofuata mwandishi Phil Vasili alichapisha kitabu cha maisha yake. Mwaka 2003 aliingizwa katika orodha ya watukufu wa mpira wa Uingereza, katika makumbusho ya mpira ambayo wakati huo yalikuwa mjini Preston, mji ule ule alioupa kisogo mwaka 1888. Na mwaka 2014 sanamu yake yenye urefu wa karibu meta 5 ilisimamishwa katika kituo cha mazoezi cha timu ya taifa ya Uingereza, St George's Park. Timu ile ambayo haikumwita siku za uhai wake leo inapita mbele yake ikienda mazoezini.

Vijana waliponisikiliza niliyowasimulia, mmoja aliuliza: Sasa Mwalimu, huyu alifaulu au alifeli? Swali hilo lilinikaba. Maisha yangu yote nimesahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu, na jibu la kufaulu au kufeli nilikuwa nalo siku zote. Safari hii sikuwa nalo.

Hapo ndipo nafika kwenye sababu yangu ya pili. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, golikipa. Sitamtaja, na atakayemjua asimtaje. Alikuwa na akili ya darasani vilevile, nami nilimwekea matumaini ya kuwa mwalimu. Akachagua mpira. Siku ya kuondoka kwenda Dar es Salaam alikuja kuniaga, nami nikamwambia mbele za watu kwamba ameitupa elimu yangu baharini. Alicheza miaka michache, goti likavunjika, akarudi. Alipoteremka na mfuko wake mmoja, wapo waliocheka. Mimi sikucheka, lakini sikumwendea pia. Nilijiambia kwamba nilimwonya. Tangu siku hiyo anashona nyavu za wavuvi, na kanisani hukaa kiti cha nyuma kabisa, anatoka kabla ya wengine.

Nilipofika mahali pa Arthur Wharton na kaburi lake lisilo na jina, nilifunga kitabu. Niliona kwamba kaburi la namna hiyo haliko Edlington peke yake. Mtu anaweza kuzikwa akiwa hai, akipita kati yetu na wavu begani, kwa sababu tu hakuwa yale tuliyomtakia. Wale wa Sheffield walifanya vema, lakini jiwe lao Arthur hakulisoma. Laiti mtu mmoja angemwendea mgodini jioni moja akamwuliza habari za mbio zile za mwaka 1886, nadhani angetua mzigo akasimulia mpaka usiku.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mwanafunzi wangu. Nilimkuta ameketi na nyavu zake, akanyanyuka kunipa kiti, akaniamkia shikamoo kama zamani. Nilimwomba radhi. Hakusema neno kwa muda, akaendelea kushona. Kisha akaniuliza kama nakumbuka ile mechi tuliyocheza kule Lindi, alipoizuia penalti. Nilikuwa nimeisahau. Akanisimulia yote, dakika kwa dakika, mpaka adhana ya magharibi ikatukuta hapo hapo.

Kila Jumamosi jioni sasa, goti lile likimruhusu, anakuja kwenye kiwanja chetu cha mchanga kuwafundisha watoto kulinda lango. Mwenye mtoto anayependa mpira amlete. Na yule kijana aliyeuliza swali lake aje pia, maana bado namdai jibu, na huenda yeye atalipata kabla yangu.